Kompyuta Inapoganda: Namna ya Kuipima Kumbukumbu Yake

(Somo hili lilisomwa redioni. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima walisome tena polepole. Kiongozi wa darasa awe na daftari na kalamu. Akiweza, aazime kwa fundi kipande kimoja kibovu cha kumbukumbu ya kompyuta, ili watu wakishike na kukitazama.)

Karibuni darasani, ninyi mlioko Moshi mjini, na ninyi mlioko mlimani: Machame, Kibosho, Uru, Kirua, Marangu, Mwika na Rombo. Somo letu la leo ni juu ya kompyuta inayoganda.

Huenda mzee mmoja atasema, "Kompyuta si yangu. Ni ya karani wa chama. Mimi inanihusu nini?" Mzee wangu, inakuhusu sana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao cha kwanza mwaka 1925. Mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha KNCU. Kwa miaka mingi kilo za kila mkulima ziliandikwa kwa kalamu katika vitabu vikubwa. Siku hizi katika ofisi nyingi kilo hizo huandikwa katika kompyuta. Kadhalika ada za shule, hisa za vikundi vya akina mama, na dawa za zahanati. Basi kompyuta ikiugua, hesabu yako nayo imo hatarini.

Tena liko jambo zito zaidi. Hesabu ikikosewa, watu humtazama karani. Husema, "Amekula." Pengine ni kweli, pengine si kweli. Mashine nayo yaweza kukosea. Kwa hiyo yatupasa kujua namna ya kuipima, tusimhukumu mtu kwa kukisia, wala tusiisingizie mashine kwa kukisia.

KUGANDA NI NINI?

Kompyuta imeganda pale picha inaposimama juu ya kioo, mshale hautembei, na ukibonyeza herufi hakuna kinachotokea. Mashine ina umeme, taa yake inawaka, lakini haisikii.

Kuganda si sawa na kuchelewa. Kompyuta inayochelewa hufanya kazi, ila polepole. Ukingoja kidogo, inakujibu. Kompyuta iliyoganda haijibu hata ukingoja mpaka chai ipoe.

Je, tutazitenganishaje? Tazameni baobonye. Kipo kitufe cha kufungia herufi kubwa, nacho kwa kawaida kina taa ndogo. Bonyeza mara moja: taa iwake. Bonyeza tena: izimike. Kama taa inatii, basi huenda ni programu moja tu iliyokwama, mashine yenyewe ni hai. Kama taa haitii kabisa, mashine yote imesimama.

Sababu za kuganda ni nyingi. Yaweza kuwa joto, kwa sababu vumbi limeziba feni. Yaweza kuwa diski inayokufa. Yaweza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Yaweza kuwa virusi. Yaweza pia kuwa kumbukumbu mbovu, au kumbukumbu isiyopatana na mashine. Leo tutashughulika na hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi. Mtu hununua diski mpya, hubadili Windows, hata hununua kompyuta nyingine, kumbe ugonjwa ulikuwa katika kipande kimoja kidogo.

KUMBUKUMBU NI NINI?

Fikirini ofisi ya chama siku ya kupokea kahawa. Karani ana kabati na ana meza. Katika kabati mna vitabu vyote vya miaka yote. Lakini karani hawezi kuandika ndani ya kabati. Hutoa kitabu anachokihitaji, hukiweka mezani, huandika, kisha hukirudisha.

Kabati la kompyuta ni diski. Humo vitu hukaa hata umeme ukikatika. Meza ya kompyuta ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Kila kitu ambacho kompyuta inakishughulikia sasa hivi kimo katika ramu. Umeme ukikatika, meza yote hufutika. Ndiyo sababu kazi usiyoihifadhi hupotea.

Ndani ya ramu mna vyumba vidogo mno vya umeme. Namna hii ya kumbukumbu ilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani. Kila chumba kina umeme au hakina, kama taa iliyowashwa au iliyozimwa. Lakini chumba hicho huvuja, kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo kompyuta huvijaza vyumba upya, tena na tena, zaidi ya mara 15 katika kila sekunde. Ramu ya gigabaiti 4 ina vyumba zaidi ya bilioni 34. Chumba kimoja tu kikishindwa kushika umeme wake, kitu kilichoandikwa humo kimebadilika.

TAA MOJA YAWEZA KUBADILI HESABU

Sasa chukueni daftari. Andikeni namba 1. Kisha iongezeni mara mbili: 2. Tena: 4. Tena: 8, 16, 32, 64, 128, 256. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu. Kila namba hapo ina taa yake. Taa ikiwaka, namba yake inahesabiwa. Taa ikizimika, haihesabiwi.

Tuseme mama mmoja ameleta kilo 350 za kahawa. Kompyuta huwasha taa ya 256, ya 64, ya 16, ya 8, ya 4, na ya 2. Jumlisheni: ni 350. Sasa tuseme taa ya 256 imekaa katika chumba kibovu, nayo ikazimika. Zinabaki kilo ngapi? Zinabaki 94. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekosea kuandika. Taa moja imezimika.

Jambo la namna hii limewahi kuonekana. Mwaka 2003, katika mji wa Schaerbeek nchini Ubelgiji, watu walipiga kura kwa kompyuta. Mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko zilivyowezekana. Kura zikahesabiwa tena, ikaonekana zilizozidi ni 4096 kamili. Endeleeni kuongeza mara mbili katika daftari zenu: 512, 1024, 2048, 4096. Mnaona? Ni taa moja, ya 13, iliyowaka bila kuamriwa. Wataalamu waliikagua programu wasione kosa, wakasema kwamba huenda chumba kimoja cha kumbukumbu kiligeuka chenyewe.

Jambo gani liliokoa hesabu ile? Kulikuwako kumbukumbu nyingine nje ya ile mashine. Kura zilikuwa zimehifadhiwa katika kadi, na kadi zikahesabiwa upya. Basi nasi tushike hilo. Stakabadhi ya mizani, ile karatasi anayopewa mkulima, isitupwe kwa sababu chama kimepata kompyuta. Hiyo ndiyo kadi yetu.

Lakini msielewe vibaya. Makosa mengi ya hesabu hutoka kwa mkono wa mtu. Na mara nyingi ramu ikiharibika, kompyuta husimama kabla ya kuandika uongo. Kuganda kule ni kama homa: kunakuambia kwamba ndani mna ugonjwa. Ubaya ni kuizoea homa, kila siku kuzima na kuwasha, huku kazi ikiendelea.

TUFUATE MFONGO

Ndugu zangu wa mlimani, ninyi mnajua kazi hii kuliko mnavyodhani. Maji yasipofika kihambani, je, mnachimba mfongo wote upya? Hapana. Mnapanda mpaka kwenye banio. Maji yapo? Yapo. Mnashuka hatua kwa hatua mpaka mahali yanapopotelea. Hapo ndipo penye tundu la panya au jiwe lililoanguka.

Kompyuta nayo hutafutwa ugonjwa wake hivyo hivyo. Tuna kanuni moja kubwa, nayo ni hii: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha tazama. Ukibadili vitu vitatu pamoja na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya. Isipopona, hujui umeongeza ubovu gani.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA

Weka daftari kando ya kompyuta kwa siku 7. Kila inapoganda, andika tarehe, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Andika pia kama mashine ilikuwa ya moto, kama feni ilipiga kelele, na kama umeme ulicheza.

Baada ya siku 7, someni daftari. Ikiwa inaganda kila mara baada ya nusu saa nayo ni ya moto, shakieni joto na vumbi. Ikiwa inatoa mlio wa kugongagonga na mafaili hayafunguki, shakieni diski. Ikiwa inaganda hovyo, leo katika barua, kesho katika hesabu, mara ikiwa imewashwa sasa hivi, mara baada ya saa nne, basi shakieni ramu. Dalili nyingine za ramu ni hizi: kioo kugeuka buluu chenye maandishi yanayobadilika kila mara, kompyuta kukataa kuwaka na kulia pip, pip, pip, mafaili yaliyokuwa mazima kuonekana yameharibika, au taabu kuanza siku ile ile mtu alipoongeza kipande kipya cha ramu.

HATUA YA PILI: OKOA KAZI YAKO

Kabla ya kuifungua mashine, toa nakala ya kazi zako. Lakini hapa pana mtego. Kila unachonakili hupita katika ramu kwanza. Ikiwa ramu ni mbovu, nakala yaweza kutoka imeharibika. Kwa hiyo usiandike nakala mpya juu ya nakala ya zamani iliyo nzima. Tumia flashi nyingine. Lililo bora zaidi ni fundi kuichomoa diski, kuitia katika kompyuta nyingine iliyo nzima, na kunakili huko. Kisha chukueni stakabadhi chache za karatasi mzilinganishe na namba zilizo katika nakala.

HATUA YA TATU: SAFISHA NA KUKAZA

Mara nyingi ramu si mbovu. Imelegea tu, au ina uchafu. Moshi yetu ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, hasa huku chini tambarare. Na mlimani, tangu masika mpaka baridi ya mwezi wa Juni na Julai, hewa ina unyevu na ukungu. Vumbi na unyevu vikikutana juu ya meno ya ramu, umeme haupiti vizuri.

Fanyeni hivi. Zimeni kompyuta. Chomoeni waya wa umeme ukutani. Kama ni kompyuta ya mapajani na betri yake hutoka, toeni betri. Bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde kama 10, ili umeme uliobaki ndani uishe.

Kabla ya kugusa kitu ndani, gusa chuma cha kasha la kompyuta. Mwili wa mtu hubeba umeme kidogo, hasa akivaa sweta la sufu. Wewe huusikii, lakini unaweza kuiua ramu. Endelea kugusa chuma mara kwa mara.

Toa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji. Kisha itazame ramu. Ni kibao chembamba, chenye vidonge vyeusi na meno ya rangi ya dhahabu upande wa chini. Imechomekwa katika sloti, na pembeni imeshikwa na vibanio. Fungua vibanio, toa kipande kwa kukishika kingo zake. Usiyashike meno.

Yafute meno kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, au kwa raba safi ya kufutia penseli, polepole, kisha pangusa makombo yote. Usitie mate. Usitie mafuta ya taa. Wala usitie mbege, hata kama ni ya sikukuu. Rudisha kipande katika sloti, pengo lake likielekea kwenye kijino cha sloti, ukandamize pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge. Washa. Kazi nyingi huishia hapa, bila gharama ya hata shilingi moja.

Ziko kompyuta nyingine, hasa nyembamba za mapajani, ambazo ramu yake imelehemiwa ndani. Hizo msizilazimishe. Mpelekeeni fundi.

HATUA YA NNE: PIMA KWA PROGRAMU

Ikiwa bado inaganda, sasa tuipime. Ndani ya Windows imo programu ya kupima kumbukumbu. Andikeni neno hili mahali pa kutafutia: mdsched. Kompyuta itazimika, itawaka, na kuanza kupima. Iko programu nyingine iitwayo Memtest86+. Hii haina malipo, nayo huwekwa katika flashi na kuwashwa kutoka humo.

Programu hizi hufanya nini? Huandika alama katika kila chumba cha ramu, kisha husoma kama alama ile ile ingalipo. Ni kama mtu anayejaza maji katika vibuyu vyote jioni, na kuvikagua asubuhi kuona kipi kimevuja.

Acheni ipime usiku kucha, ikiwa umeme wenu ni wa kutegemewa. Asubuhi tazameni idadi ya makosa. Jibu zuri ni moja tu: sifuri. Msiseme, "Makosa ni mawili tu katika mabilioni, si neno." Kosa moja linatosha. Hujui chumba kile kesho kitashika nini: picha ya harusi au kilo za mjane. Nayo ikionyesha sifuri, bado si kiapo. Ubovu mwingine hujitokeza mashine inapopata moto tu. Kwa hiyo tunayo hatua ya tano.

HATUA YA TANO: KIMOJA KIMOJA

Taa ya nyumbani isipowaka, unafanya nini? Unachukua glopu na kuijaribu katika chumba kingine. Ikiwaka kule, glopu ni nzima, ubovu uko mahali inapochomekwa. Isipowaka, glopu imekufa. Kila mtu anajua jambo hili. Ramu nayo hupimwa vivyo hivyo.

Tuseme kompyuta ina vipande viwili. Kiiteni kimoja A, kingine B. Kwanza toeni B, mtumie A peke yake siku nzima. Kisha toeni A, mtumie B peke yake, katika sloti ile ile. Ikiwa A inaganda na B haigandi, mgonjwa ni A.

Lakini msikitupe bado. Chukueni B, kile kizima, mkitie katika sloti ya pili. Kikiganda huko, mgonjwa ni sloti, si kipande. Hiyo ni kazi ya fundi, maana sloti imeshikamana na bamba kuu, ambalo mafundi huliita mazabodi. Kwa muda mnaweza kutumia sloti iliyo nzima peke yake. Andikeni kila jaribio katika daftari, msitegemee vichwa.

RAMU NZIMA ISIYOPATANA

Sasa tufike kwenye jambo linalowatatanisha watu wengi. Kipande ni kipya, kimepimwa, hakina kosa, lakini kompyuta inaganda. Kwa nini? Kwa sababu havipatani.

Huko tambarare tunalima kwa jembe la ng'ombe. Ukimfunga ng'ombe mwepesi pamoja na mzito, wote watakwenda kwa mwendo wa mzito. Ramu mbili zenye mwendo tofauti hufanya hivyo. Mara nyingi kazi hufanyika. Lakini pengine hawaelewani, jembe likapinda, na kompyuta ikaganda. Basi mkinunua vipande viwili, afadhali viwe pacha.

Kabla ya kununua ramu, angalieni mambo haya matano.

La kwanza ni kizazi. Ramu zina vizazi: DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5. Kila kizazi kina umeme wake. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Pengo katika meno ya kila kizazi limewekwa mahali pake, ili mtu asikosee. Kipande kikikataa kuingia, msikisukume kwa nguvu. Kinakuambia kwamba hapo si kwao.

La pili ni ile herufi L. Iko DDR3 na iko DDR3L. Hii yenye L hutumia volti 1.35. Pengo lao ni moja, kwa hiyo zote mbili huingia. Lakini kompyuta nyingine za mapajani hutaka ile yenye L tu. Mkitia isiyo na L, mashine hukataa kuwaka au huganda. Someni karatasi iliyobandikwa juu ya kipande: PC3 ni ya kawaida, PC3L ni ya umeme mdogo.

La tatu ni urefu. Ramu ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 hivi. Ya mapajani ni karibu sentimita 7.

La nne ni kiasi. Kila mazabodi ina mwisho wake wa kiasi cha ramu. Tena Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 hivi. Ukiitilia 8, umelipa bure.

La tano ni asili yake. Kompyuta kubwa ziitwazo seva zina ramu yake maalumu. Zikichakaa huko ng'ambo, ramu hizo huuzwa kwa bei ndogo. Zinafanana sana na za kawaida, lakini kompyuta nyingi za mezani hazizikubali.

KATIKA DUKA

Nyingi katika kompyuta zetu zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kuja huku. Si aibu. Lakini mtu akienda soko la Memorial kununua viatu vya mtumba, hukunja soli, hutazama mshono, hupima mguuni. Kwa nini ramu ainunue kwa macho tu?

Chukueni kipande cha zamani mwende nacho dukani. Andikeni jina na namba ya kompyuta yenu. Mwombeni mwenye duka akipime kipande mbele yenu. Pataneni juu ya siku za kurudisha, na mdai risiti iliyoandikwa aina ya ramu, si neno "vifaa" tu. Mfanyabiashara mwaminifu hatakasirika. Na ikiwa ramu mpya imeleta kuganda, irudisheni ile ya zamani kwanza. Kuganda kukiisha, mmepata jibu.

Jambo moja la mwisho kwa mafundi vijana. Pengine mtu ameongeza mwendo wa ramu katika mipangilio ya mashine kupita kiasi chake. Rudisheni mipangilio ya kiwandani kabla ya kuhukumu kipande.

KWA WAJUMBE WA KAMATI

Ninyi wajumbe wa kamati za vyama, hili ni lenu. Karani akisema, "Mashine inaganda," msimjibu, "Vumilia mpaka msimu uishe." Msimu ndio wakati wa hatari. Mpeni siku moja ya kupima. Siku moja bila kompyuta, kwa kalamu na kitabu, ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kugombana.

Na hesabu zikitofautiana, fanyeni kwa utaratibu. Toeni stakabadhi za mizani. Linganisheni. Itazameni tofauti: je, ni namba ya taa moja, kama 64, 256 au 4096? Hilo si ushahidi kamili, maana hata mtu aweza kukosea kwa 64. Lakini ni sababu ya kuipima ramu kabla ya kumsimamisha mtu kazi. Nayo ramu ikipimwa na kuonekana nzima, basi karani hana budi kujibu maswali. Kipimo humlinda mkulima, na humlinda karani mwaminifu pia.

MASWALI YA DARASA

1. Kuganda na kuchelewa vina tofauti gani?
2. Kwa nini tunabadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja?
3. Namba 200 huwashwa kwa taa zipi? (Jibu: 128, 64 na 8.) Taa ya 64 ikizimika, inabaki namba gani?
4. Kipande A kinaganda katika sloti zote mbili. Kipande B hakigandi popote. Mgonjwa ni nani?
5. Katika chama au kikundi chenu, ni karatasi gani mnazozihifadhi nje ya kompyuta? Zinakaa wapi, na nani anazitunza?

Swali la tano lijibiwe kwa kwenda kuangalia, si kwa kukisia. Mkikuta hakuna karatasi inayohifadhiwa, leteni neno hilo katika mkutano wenu ujao.

Somo letu limekwisha.